Ushindani wa Shule Kubwa za Nairobi



Kila ragbi ichezwapo baina ya Shule ya Lenana na Shule ya Nairobi, vijana wetu wa Kibera na Kawangware hubishana kana kwamba wenyewe wamesoma huko. Twaona yafaa kuwaeleza asili ya ushindani huo, maana wengi hawajui ya kuwa babu zao hawakuruhusiwa kuushiriki.

Shule ya Nairobi ilifunguliwa upande wa Kabete mwaka 1931, ikiitwa Prince of Wales. Mwaka 1949 ikafuata Lenana, kando ya barabara ya Ngong, kwa jina la Duke of York. Zote mbili zilikuwa za wavulana wa Kizungu tu. Kawangware iko katikati yao, na Kibera si mbali. Lakini Mwafrika aliyepita malango yale alikwenda kufanya kazi, si kusoma. Wahindi nao walikuwa na yao, Duke of Gloucester, ndiyo Jamhuri ya leo.

Wavulana wa Kiafrika walishindana nje ya mji. Alliance ya Kikuyu ilifunguliwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1926. Mang'u ya Wakatoliki ilikuwa imeanza Kabaa mwaka 1925. Walipimana nguvu uwanjani, naam, lakini pambano lenyewe lilikuwa mtihani wa Cambridge. Karatasi zilisahihishwa Uingereza, na msahihishaji hakuiona rangi ya mkono ulioandika. Hapo tu ndipo mtoto wa Kiafrika aliposhindana na yule wa Prince of Wales, ijapokuwa hawakupata kuketi chumba kimoja. Mwai Kibaki wa Mang'u alifaulu mtihani huo kwa alama za juu kabisa mwaka 1950.

Tom Mboya alisoma Mang'u vilevile. Yeye hakuufikia mtihani: mwaka 1947 aliondoka kwa kukosa karo.

Uhuru wa 1963 ulipokaribia, shule za Wazungu zilianza kupokea wote. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ikafutwa, na Olympic hapa Kibera ikafurika watoto. Lakini aitwaye Lenana au Alliance bado hudaiwa ada ya bweni, na barua ya kuitwa haimngojei baba apate kazi. Kwa hiyo katika hesabu zifuatazo mfuko wa karo umetangulizwa mbele ya mifuko mingine yote.