Afya ya kinywa kwa watoto wenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa (Handeni na Korogwe)

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai duniani, wapatao 8 au 9 huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi tundu katika ukuta unaotenga vyumba vyake. Kwao jino bovu si maumivu tu. Bakteria wa kinywani huingia katika damu kupitia fizi zilizovimba. Penye tundu, damu hupita kwa kasi na kuchubua utando wa ndani wa moyo, na bakteria hao hupata pa kujishikiza. Maambukizi hayo, endokaditisi, huweza kuua.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, safari ya matibabu huanzia zahanati, hupita hospitali ya wilaya au Magunga mjini Korogwe, kisha Bombo jijini Tanga. Upasuaji wa moyo hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015.

Hatari kubwa inaweza kutangulia safari hiyo. Tangu miaka ya 1980, sehemu nyingi za Tanzania zimekuwa na imani ya “meno ya plastiki”: mtoto mchanga akipata homa au akiharisha, uvimbe mweupe wa chonge zisizoota hulaumiwa, na mganga huzichokoa kwa kifaa kisichochemshwa. Mtoto mwenye tundu la moyo hukohoa mara kwa mara, huhema akinyonya na haongezeki uzito. Ni rahisi mno mama aliyehangaika apelekwe kwa mganga wakati kinachotakiwa ni kusikilizwa kifua cha mwanawe. Kuchokoa huko hakuponyi chochote, na kwa mtoto huyu ni kumfungulia bakteria mlango.

Nyumbani, dawa za maji zenye sukari, na uji mtamu wa usiku wa kumnenepesha mtoto, huozesha meno; asukutuliwe kinywa kwa maji kila baada ya dawa. Apigwe mswaki mara mbili kwa siku na mtu mzima, kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3.

Tangu mwaka 2007, mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani umebakiza antibiotiki ya kinga kabla ya kung'oa jino kwa walio hatarini zaidi, wakiwemo wenye midomo ya bluu wasiofanyiwa upasuaji, wenye vali bandia na waliowahi kuugua endokaditisi. Amoksilini hutolewa miligramu 50 kwa kilo, isizidi gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Mzazi amtajie tabibu wa meno ugonjwa wa moyo kabla mtoto hajaketi kitini.