Viungo vya chumbani
Viungo vya chumbani (kwa Kifaransa: épices de chambre) vilikuwa viungo vilivyopikwa au kufunikwa kwa sukari, vilivyoliwa na matajiri wa Ulaya, hasa Ufaransa, katika Karne za Kati na wakati wa Renaissance.

Tofauti na viungo vya jikoni, havikutiwa katika mchuzi. Vililetwa mwisho wa mlo, mara nyingi wageni wakiwa wamehamia chumba kingine, pamoja na hypocras, yaani divai tamu yenye viungo. Vya kawaida vilikuwa tangawizi, giligilani, anisi na shamari. Kitabu Le Ménagier de Paris (mnamo 1393) kinataja pia maganda ya machungwa.

Matabibu waliomfuata Galenos walifundisha kwamba tumbo hupika chakula kama chungu motoni, na viungo, vyenye asili ya joto, huchochea moto huo. Hivyo vilihesabiwa kuwa dawa, na sukari pia.

Baadaye sukari iliyozalishwa na watumwa katika visiwa vya Karibi ilishusha bei. Imani ya tiba ilififia, utamu ukabaki: lozi zilizofunikwa kwa sukari bado hugawiwa Ufaransa kwenye arusi na ubatizo.