Historia Iliyomo Ndani ya Dema

Fungua kitabu cho chote cha historia tulichosomeshwa, utaona pwani yetu ni ya wageni tu. Mwarabu kaja, Mreno kaja, Mjerumani kaja. Mvuvi hayumo; yupo yupo tu ufukweni kama mnazi. Nami nasema, ndugu msomaji, mvuvi anayo historia yake. Mimi niliisomea likizoni.

Kati ya 2003 na 2007, kila Desemba shule zikifungwa, baba alitupakia basi la Tanga, kisha gari la Pangani hadi Kigombe, kwa babu. Wenzetu mtaani Dar es Salaam wanangoja sikukuu, sie huyoo, tunakwenda kuvua!

Babu hakuwa na kalenda ukutani. Kalenda yake ilikuwa mwezi. Ukiandama au ukipevuka, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, mwamba ukabaki wazi. Ukiwa nusu, maji mafu. Siku za bamvua bibi na shangazi walitoka na khanga zao kutanda uduvi, wengine na vijiti kuchokoa pweza. Sisi "wanaume" tulipanda ngalawa kwenda kutazama madema. Dema ni mtego wa kusuka. Mlango wake mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani. Tasi huingia kwa raha zake, kutoka hajui.

Ngalawa yenyewe ni kitabu. Gogo la mwembe lililochongwa, ndubi mbili ubavuni zisiiache ipinduke. Wataalamu wengi wanauhusisha ufundi huo na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, ambao jamaa zao walilowea Bukini. Ndiyo maana Kimalagasi ni ndugu wa lugha za huko. Tena kaskazini ya Kigombe ipo Tongoni, yenye makaburi ya nguzo na magofu ya msikiti. Katika pwani hiyo, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael, kwani mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuiendesha. Hilo limeandikwa. Lakini waliokuwa wakitega madema siku ile, nani kawaandika?

Desemba 2005, tukiwa mwambani, tulisikia "puu!" Ngalawa ikatikisika.

"Babu, nini hiyo?"

"Baruti, mjukuu wangu. Watu wanachoma ghala la chakula ili wapate kapu moja."

Hakutia chumvi. Mshindo wa baruti hupasua kibofu cha hewa cha samaki. Wengine huelea wakaokotwa, wengine huzama wakaozea chini. Matumbawe yaliyokua kwa miaka na miaka huvunjika kwa dakika moja, na samaki wadogo wakakosa pa kujificha. Sheria ilikuwapo! Uvuvi huo ulikatazwa tangu Sheria ya Uvuvi ya 1970, na ile ya 2003 ikakataza tena. Jeshi la Wanamaji lilipoingia kazini mwishoni mwa miaka ya tisini milipuko ilipungua, kisha ikarudi.

Likizo ya kwanza dema lilipanda na tasi, changu na pono. Likizo ya mwisho tulivuta madema manne tukapata kaa wawili. Babu hakusema neno. Mwaka 2007 aliuza ngalawa, na safari zetu zikaishia hapo.

Ajabu ni kwamba miaka ileile, jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu nje ya Tanga zilianza kunasa silikanti, samaki ambaye hadi 1938 wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za madubwana. Dunia ikasikia. Mwaka 2009 akapewa hifadhi yake ya bahari, Tanga.

Vizuri sana. Tangu 2016 hivi msako mkali umeipunguza mno milipuko, na tumbawe likiachwa hukua tena, ingawa polepole. Lakini dema halijisuki. Katika ukoo wetu mzima leo hakuna awezaye kulisuka. Aliyejua kafa na vidole vyake.

Silikanti kapata hifadhi kwa sababu watu walimwandika. Wewe mwenzangu unayetafuta kisa cha kuandika, huko kwenu yuko mzee anayejua kuhesabu bamvua. Nenda kamuulize, na daftari ulichukue.