Mji Wenye Majina Matatu

Mwaka 2019 niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Si ati masomo yalinishinda. Figo za mama zilikuwa zimechoka, na pesa ambazo shangazi zangu walikuwa wamechanga ziwe karo yangu ziliishia kwenye tikiti mbili za ndege za kwenda Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, India. Wakenya wengi wanaujua mji huo hivyo tu. Ni mahali mgonjwa anapelekwa baada ya harambee, halafu mnangoja simu.

Mama alilazwa wiki tano. Mimi nilikuwa na kazi mbili: kukaa naye saa za kuona wagonjwa, na kuzimaliza zile saa nyingine bila kurukwa na akili. Kwa hivyo nilitembea. Nilivuka mto Sabarmati kwa tuktuk, nikashuka mji wa kale, nikapotea makusudi. Usiku nikirudi chumbani nilisoma historia ya nilichokiona mchana. Pengine hayo ndiyo masomo pekee niliyowahi kuyamaliza.

Mahali pa kwanza paliponikamata ni Manek Chowk, kiwanja kidogo katikati ya mji wa kale. Asubuhi ni soko la mboga. Mchana wachuuzi wa mboga hawapo tena, pamekuwa pa masonara, watu wanapimiana dhahabu. Usiku masonara wakishafunga, meza na majiko ya gesi hujaa uwanja mzima, na familia zinakula pale hadi usiku wa manane. Ni kiwanja kimoja ambacho kwa siku moja kina wenyewe watatu, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba hapa si kwako. Niliona hiyo ndiyo Ahmedabad. Kumbe nilikuwa nimeona nusu yake.

Tuanze na jina. Mji huu ulianzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na ndiyo maana unaitwa kwa jina lake. Lakini kabla yake palikuwa na Ashaval, makazi ya Wabhil, na inasimuliwa kwamba katika karne ya 11 mfalme Karna wa ukoo wa Solanki alimshinda chifu wa Wabhil akaweka mji wake hapo, Karnavati. Mfalme Jahangir wa Wamughal, aliyeuzuru baadaye na asiupende hata kidogo, aliubandika jina la utani, Gardabad, yaani mji wa vumbi. Mwaka 2018, mwaka mmoja kabla sijafika, mji wa Allahabad ulibadilishwa jina ukawa Prayagraj, na viongozi wa Gujarat nao wakasema wako tayari kuirudisha Karnavati. Ukiwasikiliza utadhani jina ni mlango wa nyumba, kwamba aliye na ufunguo wa zamani zaidi ndiye mwenye nyumba. Ajabu ni kwamba hakuna aliyesema urudishwe uitwe Ashaval. Wabhil ndio waliotangulia, lakini hawana mtu wa kuwapigia debe.

Sasa ingia ndani. Mji wa kale umegawanyika katika mamia ya vitongoji vinavyoitwa pol. Pol ni kichochoro chenye lango moja, nyumba za mbao zilizochongwa zikitazamana karibu kugusana. Watu wa ukoo mmoja, kazi moja au dini moja waliishi humo, na usiku lango lilifungwa. Nyumba nyingi zina tangi la maji ya mvua chini ya ua, na pol nyingi zina mnara mdogo wa kulishia ndege. Kwa sababu ya haya yote, mwaka 2017 UNESCO iliutangaza mji wa kale kuwa urithi wa dunia, wa kwanza India kupewa hadhi hiyo ukiwa mji. Lakini nyumba kadhaa nilizopita zilikuwa na kufuli zilizoshika kutu. Wenyewe walishahamia ng'ambo ya mto, kwenye magorofa yenye lifti na mahali pa kuegesha gari. Kuhama kwenyewe si kwa jana. Tangu Waingereza walipojenga daraja la chuma la Ellis mwaka 1892, wenye uwezo wamekuwa wakivuka mto mmoja mmoja.

Karibu na Lal Darwaja kuna msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed. Ulijengwa miaka ya 1572 na 1573, usultani ukielekea mwisho, kabla tu Akbar hajauteka mji. Ukutani upande wa magharibi kuna madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama kitambaa cha darizi. Moja lina mti ambao matawi yake yanazungukana na kupishana hadi unasahau kwamba ni jiwe. Mti huo umekuwa alama ya Ahmedabad nzima. Nembo ya chuo mashuhuri cha usimamizi wa biashara cha mji huo ilitoka hapo.

Na aliyeujengesha alikuwa Mwafrika. Sidi ni jina waliloitwa watu wenye asili ya Afrika katika India ya magharibi. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, mmoja wa wale waliofika Gujarat kama watumwa au askari na kupanda hadi ngazi za juu za jeshi na serikali. Wengine walitoka chini zaidi, pwani yetu hii. Hadi leo Masidi wa Gujarat wana ngoma yao ya ibada ambayo wanaiita goma. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kitandani. Miaka mamia imepita, lugha imewatoka, lakini neno hilo moja wamelishikilia.

Wamaratha walipotawala, msikiti ule uliachwa ukachakaa. Waingereza wakaugeuza ofisi ya serikali. Leo watalii wanajipiga picha mbele yake. Mti ni uleule, lakini kila utawala umeuona kivyake.

Upande wa mashariki wa mji unakutana na historia nyingine, ile ya moshi. Mwaka 1861 Ranchhodlal Chhotalal alifungua kiwanda cha kwanza cha nguo, na baadaye Ahmedabad ikaitwa Manchester ya India. Gandhi aliporudi kutoka Afrika Kusini mwaka 1915 ni hapa alipoweka makao yake. Mwaka 1918 wafanyakazi wa viwanda walipogoma aliwaunga mkono akafunga kula, na pamoja naye alikuwa Anasuya Sarabhai, mwanamke tajiri ambaye kaka yake Ambalal ndiye alikuwa akiwaongoza wenye viwanda. Yaani mgomo uliigawanya nyumba moja. Chama cha wafanyakazi kilichozaliwa baada ya hapo kiliwaweka Wahindu na Waislamu chini ya bendera moja, zamu moja, king'ora kimoja. Viwanda vilipoanza kufungwa miaka ya 1980 na 1990, makumi ya maelfu ya watu walipoteza kazi. Walipoteza pia mahali pa kukutana na mtu wa dini nyingine kila asubuhi.

Hapa ndipo ile nusu ya pili ya mji iliponifungukia. Ghasia za kidini zilikuwepo tangu zamani, zikazidi mwaka 1969 na 1985. Februari 2002 treni ilishika moto Godhra, wakafa watu 59, wengi wao mahujaji wa Kihindu. Kilichofuata Gujarat, Ahmedabad ikiwemo, kiliua zaidi ya watu 1,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, wengi wao Waislamu. Katika siku hizohizo kaburi la mshairi Wali lilibomolewa. Wali alifariki Ahmedabad mwaka 1707, ni mmoja wa baba wa ushairi wa Kiurdu, na alikuwa ametunga shairi zima la majonzi ya kutengana na Gujarat. Kaburi lake lilikuwa karibu na ofisi ya mkuu wa polisi. Siku chache baadaye palikuwa pameshamwagwa lami, magari yanapita.

Dereva mmoja wa tuktuk alinipeleka Juhapura. Mtaa huo ulianza kama makazi ya walioathiriwa na mafuriko ya mwaka 1973, Wahindu na Waislamu pamoja. Baada ya kila ghasia Wahindu waliondoka na Waislamu wakaongezeka, hata wakili na daktari wakajenga huko kwa kukosa pa kwenda. Tangu mwaka 1991 kuna sheria ya maeneo yenye vurugu inayotaka mtu apate kibali cha serikali kabla ya kumuuzia mwingine nyumba katika maeneo hayo. Iliwekwa kuzuia watu wasiuze kwa kulazimishwa na hofu. Sasa inamfanya anayetaka kuvuka mpaka huo kwa hiari yake aombe ruhusa.

Sikuhitaji kuelezewa zaidi. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa mtoto, tukahama mtaa mmoja wa Nairobi usiku, godoro likiwa juu ya mkokoteni. Nyumba haikuchomwa. Iko pale hadi leo, imepakwa rangi mpya. Lakini tulikuwa tumeshajua upande gani ni wetu na upande gani si wetu, na ukishalijua hilo, barabara uliyochezea inakuwa nyingine hata kama hakuna jiwe lililosogezwa.

Ndiyo maana naona ule ubishi wa jina unaficha jambo. Nairobi ilibadilisha Bazaar Street ikawa Biashara Street, na maduka ya vitambaa ya Wahindi yakaendelea kuuza shuka na leso palepale. Mji unaanza kugeuka pale watu wanapoacha kununua kitunguu kwa jirani. Ahmedabad inaweza kuuweka mti wa Mhabeshi kwenye nembo na wakati huohuo ikamwambia Mwislamu kijana kwamba hakuna nyumba ya kupangisha upande huu.

Kabla ya kuondoka nilitembea kando ya mto. Zamani Sabarmati ulikuwa mchanga mtupu msimu wa kiangazi, watu wakilima mboga, wakifua nguo na kuishi kwenye vibanda kingoni. Kazi ya kuujengea kuta za zege ilianza mwaka 2005, maelfu ya familia zikahamishwa, na maji unayoyaona leo yanaletwa kwa mfereji kutoka mto Narmada. Ni pazuri, siwezi kudanganya. Vijana wanapendana pale jioni, upepo unavuma. Lakini hakuna aliyeshuka majini kufua.

Siku ya mwisho mama aliruhusiwa kutoka. Wiki tano alikuwa ameona dari, dirisha moja na njiwa. Akaniambia, "Sasa nikiulizwa nyumbani huo mji ukoje nitasema nini?" Ndege ilikuwa ya usiku, kwa hivyo nilimpakia kwenye tuktuk polepole nikampeleka kwa Sidi Saiyyed. Alikaa kwenye ukingo wa ua, leso begani, akautazama ule mti muda mrefu.

"Na huyu fundi alitoka wapi?"

"Aliyejenga msikiti alikuwa Mhabeshi, mama. Ethiopia."

"Basi ni jirani," akasema, akanyoosha mkono nimsaidie kusimama.