Historia ya Mti Uliopindwa: Upinde wa Waata na Nchi ya Kinna

Kinna iko kusini mwa Kaunti ya Isiolo, pale malisho ya Waborana yanapopakana na Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Vichaka vya huko vina mti ambao Waborana huuita aroresa na Waswahili mkole. Watoto hula matunda yake, mbuzi hula majani, na shina lake, jembamba na gumu, lilikuwa miongoni mwa miti bora ya kuchongea upinde. Walioijua kazi hiyo kuliko wote waliitwa Waata.

Waata ni wawindaji wanaosema Kioromo. Wametawanyika kutoka kusini mwa Ethiopia, kupitia Marsabit na Isiolo, hadi mto Tana, Tsavo na nyika ya Malindi, ambako waliitwa pia Wasanye au Waliangulu. Kwa Mborana, heshima ilikuwa ng'ombe, na nyama ya mwitu ilikuwa chakula cha asiye na mifugo. Kwa hiyo Mwaata alidharauliwa, lakini alihitajika: pembe za ndovu na ngozi ngumu za wanyama wakubwa zilipitia mikononi mwake. Mborana alibeba mkuki. Upinde ulikuwa alama ya Mwaata.

Kazi ilianza kwa macho. Fundi alitafuta shina lililonyooka lenyewe, lisilo na vifundo wala matawi ya kando. Upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaomwelekea mnyama, hutanuka, na tumbo lake hubanwa. Nyuzi za mti zikikatwa mgongoni, au zikizunguka kifundo, hapo ndipo upinde utakapovunjika. Ndiyo maana mafundi wengi wa Afrika Mashariki hawakupasua gogo: walichukua shina zima, wakalimenya ganda, wakachonga zaidi tumboni na kuelekea ncha, huku mgongo ukiachwa kama ulivyoota.

Baada ya kisu ulikuja moto. Shina bichi hupashwa juu ya makaa, si ndani ya miali, kisha hukazwa dhidi ya mti au goti mpaka likubali. Joto pamoja na maji yaliyomo ndani hulainisha kinachozishikanisha nyuzi. Likipoa huku limeshikiliwa, mti hulihifadhi umbo hilo. Kanuni ndiyo hiyo hiyo kwa mafundi wa nchi nyingine wanaorudisha ncha za upinde mbele ili mshale uondoke kwa kasi zaidi. Wao hutumia mvuke, na hesabu yao ya kawaida ni saa moja kwa kila inchi ya unene. Upinde wa Waata haukuhitaji ncha za namna hiyo. Nguvu yake ilikuwa katika urefu na unene, na upote wake ulikuwa wa kano za mnyama zilizosokotwa.

Nguvu yenyewe iliwashangaza wageni. Pinde za Waata wa Tsavo zilipopimwa, baadhi zilihitaji zaidi ya ratili 100 kuvutwa, yaani kilo 45 na kupita. Pinde za mashindano ya Olimpiki leo huwa karibu ratili 50. Za kulinganishwa nazo ni pinde ndefu za Waingereza, kama zile zilizopatikana ndani ya Mary Rose, meli ya Mfalme Henry VIII iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982.

Hata hivyo mti peke yake haukumwangusha ndovu. Mshale ulipakwa sumu ya msunguti, mti ambao wataalamu huuita Acokanthera schimperi. Vipande vya mti huo huchemshwa mpaka vitoe utomvu mweusi mzito kama lami, na chembe iliyopakwa huviringishiwa ngozi laini ili sumu isikauke. Katika nyika ya pwani, wapishi mashuhuri wa sumu hiyo walikuwa Wagiriama, ambao Waata walinunua kwao. Mwaka 1888 mkemia wa Kifaransa Arnaud aliitenga dawa iliyomo ndani ya mti wa jamii hiyo, nayo ikaja kutumika Ulaya kutibu moyo dhaifu. Katika kipimo cha mwindaji, huo moyo ndio inaousimamisha.

Sheria ilianza kuufuata upinde tangu mwanzo wa utawala wa Waingereza, waliomhesabu mwindaji wa mshale kuwa jangili, na mwenye bunduki na leseni kuwa mwanamichezo. Tsavo ilipofanywa mbuga mwaka 1948, Waata walijikuta ndani ya mipaka ya wengine. Kati ya 1956 na 1958, wasimamizi wa mbuga David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza operesheni iliyowapeleka wengi wao gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, karibu na mbuga hiyo, ili Waata wawinde kwa kibali, lakini haukudumu.

Upande wa Isiolo mambo yalikuja kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imewasukuma Waborana kutoka Wajir kuja bonde la mto Waso (Ewaso Nyiro). Kisha vita vya shifta, yaani vya waasi waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, vilimaliza mifugo yao na kuwafungia watu katika vijiji vya Garba Tulla, Merti na Modogashe. Enzi hiyo wenyewe huiita Daaba. Aliyeonekana porini alihesabiwa adui. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1966, Meru ikawa mbuga ya kitaifa. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, na upinde ukabaki bila kazi halali.

Kilichofuata hakikufanywa kwa mshale. Ndovu wa Kenya waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 mwaka 1989, na mwaka 1988 vifaru weupe watano wa Meru waliuawa kwa risasi. Aliyebeba upinde alikuwa amekwisha kuondolewa zamani.

Ujuzi wa kupinda mti, hata hivyo, haukuwa wa wawindaji pekee. Nyumba ya jadi ya Kiborana ni kazi ya wanawake: huchagua fito zilizo mbichi na zinazonyumbuka, huzipinda taratibu, huzifunga zishike umbo la kuba, kisha huzifunika kwa mikeka ya nyasi. Wao pia huukataa mti wenye kifundo, kwa sababu ile ile ya fundi wa upinde. Sasa mabati yanaishika Kinna, na hakuna askari aliyeyaleta: bati halivuji, halihitaji kusukwa upya, wala halichoshi mgongo wa mtu. Ufundi wa kwanza uliondolewa na sheria, wa pili unaondoka kwa hiari ya wenyewe. Kwa sasa, anayetaka kujua Kinna ni mti gani utakaopinda bila kuvunjika, akawaulize akina mama.