Majuma Matano na Alama Sabini

Wewe, msomaji, uijuaye kalamu nyekundu ya mwalimu, hapana haja nikueleze nguvu ya tarakimu moja. Kazi ya muhula mzima hukusanywa ikawa namba, na kwa namba hiyo mzazi hufurahi ama hununa. Labda hukudhani kwamba makampuni makubwa nayo huhukumiwa vivyo hivyo. Basi sikiliza habari za michezo ya video iliyotengenezwa kutokana na sinema, na jinsi alama zilivyoingia katika mikataba yake.

Kwanza fahamu maana ya leseni. Mwenye hadithi humpa mtengenezaji wa michezo ruhusa ya kutumia jina la sinema na watu waliomo, naye mtengenezaji hulipa ada, na kwa kawaida hutoa tena fungu katika kila mchezo unaouzwa. Kwa mwenye hadithi fedha hizo hazina jasho. Lakini mnunuzi huona jina alipendalo juu ya boksi, akalipa, na ubaya wa kitu akaujua amekwisha fika nyumbani.

Mwezi wa Juni 1982 ilitoka Marekani sinema ya Steven Spielberg iitwayo E.T., habari za kiumbe mgeni aliyeachwa duniani na wenziwe, na watu wakafurika kuitazama. Kampuni ya Warner Communications, iliyokuwa mmiliki wa Atari wakati ule, ilitaka mchezo wake uwe madukani kabla ya Krismasi. Mapatano yalikwisha mwishoni mwa Julai. Kwa kuwa kiwanda nacho kilihitaji muda wa kutengeneza kaseti, programu ilitakiwa iwe tayari mwanzoni mwa Septemba. Kazi ya namna hiyo ilizoea kuchukua miezi mingi. Howard Scott Warshaw, fundi aliyekwisha pata sifa kwa mchezo wa Yars' Revenge, alipewa majuma matano tu. Alikubali, akawekewa mtambo hata nyumbani kwake ili asipoteze saa, na siku ilipofika akaikabidhi kazi. Lakini ilikuwa kazi ya majuma matano. Mchezaji alimwongoza E.T. kutafuta vipande vya simu, akatumbukia shimoni, akapanda, akatumbukia tena. Zilitengenezwa kaseti karibu 4,000,000, na nyingi hazikupata mnunuzi. Mnamo Septemba 1983 malori yalichukua shehena ya bidhaa za Atari zisizouzika, za E.T. zikiwamo, yakazipeleka jalalani katika mji wa Alamogordo, New Mexico, zikafukiwa. Kwa miaka mingi watu walidhani ni hekaya, mpaka tarehe 26 Aprili 2014 zilipofukuliwa mbele ya umati.

Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola 500,000,000 katika mwaka wa 1983. Wako wanaomtwika Warshaw mzigo huo peke yake, nami naona si haki. Madukani mlikuwa mmejaa michezo mibovu mingi ya wengine, na tena tarehe ya kumaliza hakuichagua yeye.

Utazame mfano mwingine. Sinema ya James Bond iitwayo GoldenEye ilitoka mwaka 1995. Mchezo wake, uliotengenezwa na kampuni ya Rare huko Uingereza, haukutoka mpaka Agosti 1997. Ulichelewa karibu miaka miwili! Waliouunda wengi wao walikuwa wageni katika kazi hiyo, lakini walipewa muda. Zikauzwa nakala zaidi ya 8,000,000, na wahakiki wakausifu mno.

Mwaka 2001 ilianzishwa tovuti ya Metacritic, ambayo hukusanya alama za wahakiki wengi na kutoa wastani mmoja kwa mia. Mnunuzi alipata ulinzi aliokuwa hana mwaka 1982. Walakini makampuni nayo yaliyatupia macho mahesabu hayo. Mwaka 2004 Jason Hall, mkuu wa idara ya michezo ya Warner Bros., alitangaza kwamba kampuni itakayotoa mchezo wa leseni yao ukapata wastani chini ya 70, itatozwa fungu kubwa zaidi. Alisema anayalinda majina ya sinema zao. Kumbuka, msomaji, kwamba Warner hii ni ya ukoo ule ule uliokuwa na Atari. Nyumba iliyotaka mchezo kwa majuma matano sasa ilidai alama sabini, na mwenye kuadhibiwa ni mtengenezaji, hata kama siku ya kutoa mchezo imefungwa na siku ya sinema.

Tarakimu hiyo ikafika mpaka kwenye malipo ya mafundi. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian ilitengeneza Fallout: New Vegas, jina likiwa mali ya Bethesda. Mnamo 2012 Chris Avellone, mmoja wa viongozi wa Obsidian, alieleza kwamba walilipwa ujira wa mara moja, bila fungu la mauzo, na kwamba bakshishi ingekuwapo endapo mchezo ungefikia 85 katika Metacritic. Mchezo ule ungali unachezwa na kusifiwa hata leo. Ulipata 84.