Kawi haipotei uzi wa nyatiti unaponyooka

MPIGAJI nyatiti anapoucharaza uzi mmoja kati ya nyuzi nane za ala hiyo ya Waluo, uzi huo huonekana umevimba katikati kama tumbo, huku ncha zake mbili zikitulia.

Wanafizikia huiita hali hiyo wimbi simamizi. Kidole huzaa mawimbi mawili yanayokimbilia ncha za uzi, yakagonga na kurudi. Yanapokutana, huunda umbo lisilosonga kushoto wala kulia, bali hupanda na kushuka papo hapo.

Hapo ndipo kitendawili huzuka. Katika umbo sahili kabisa, lenye tumbo moja, mawimbi hayo hufutana mara mbili kwa kila mtetemo, uzi ukanyooka kana kwamba haujaguswa. Je, kawi ya kidole imekwenda wapi, ilhali kanuni ya fizikia hushikilia kwamba kawi haiumbwi wala haiangamizwi?

Jibu limo katika mwendo. Picha ya uzi ulionyooka huonyesha mahali ulipo, lakini haionyeshi kasi yake. Wakati huo uzi huwa unapita kwa kasi yake ya juu kabisa, na kawi yote ya mtetemo imo katika mwendo. Ufikapo kileleni, husimama kufumba na kufumbua; kawi hiyo huwa imehifadhiwa katika mvutiko wa uzi, mithili ya manati iliyovutwa. Uzi unaotetemeka mara 200 kwa sekunde hunyooka mara 400 katika sekunde hiyo, na jumla ya kawi haibadiliki kwa mabadilishano hayo.

Uzi ukiguswa kwa wepesi katikati, hugawanyika matumbo mawili yenye kifundo kisichosogea kati yao. Kawi haivuki kifundo hicho, kwani nguvu isiyosogeza kitu haifanyi kazi.

Mbona basi sauti hufifia? Ni kwa sababu ncha za uzi halisi hazitulii kikamilifu. Kidaraja kinachobeba nyuzi hutikisika kidogo, kikaitikisa ngozi iliyowambwa, nayo ngozi ikausukuma hewa. Sehemu nyingine ya kawi hugeuka joto ndani ya uzi na hewani.

Hivyo, kinachopungua katika uzi hakiangamii. Sehemu yake ndiyo inayofika masikioni. Uzi ambao haungeachilia kawi yoyote ungetetemeka daima, lakini hakuna ambaye angeusikia.